Baba Amekubali Mshipa wa Paja

Arusha, Jumanne

Kaka Abel,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mifugo imepata majani. Sisi huku tunaendelea, ila mimi nimechoka, sitakuficha. Simu yako haipatikani tangu uhamishie ng'ombe bondeni, ndiyo maana barua hii nampa Xavery anayerudi Balangdalalu.

Unajua figo za Baba hazifanyi kazi, damu yake inasafishwa kwa mashine kupitia ule mpira wa shingoni. Sasa shingo imekwisha. Upande wa kulia ulitunga usaha baada ya wewe kukipaka kidonda samli, eti kisikauke. Upande wa kushoto umeziba kwa damu iliyoganda, na mishipa ya kifuani nayo imesinyaa. Daktari Cyprian akasema imebaki ya pajani.

Baba akakataa. Alimwambia daktari kwamba yeye ametoa ng'ombe damu shingoni tangu ujana wake na hakuna ng'ombe aliyewahi kuishiwa mshipa, kwa hiyo tatizo ni mikono ya daktari. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari akaeleza kwa upole kwamba bila mashine atajaa maji na kufa. Baba akajibu kwamba afadhali afe na heshima yake. Mpira wa pajani unataka mtu wa kumsaidia kuoga ili usilowe, na binti hawezi kuona paja la baba yake. Nikamwambia nitafumba macho. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Muuguzi wa kiume naye hakumtaka, kwa kuwa si mtoto wake. Nililia kwa hasira mbele yake, wala hakugeuka.

Kaka, sasa nikwambie nililofanya. Uso wake ulipoanza kuvimba, nilitoka nje, nikarudi na simu sikioni, nikamwambia umesema unakuja kumwogesha mwenyewe. Akakubali palepale. Mpira uko pajani, mashine inafanya kazi vizuri, na leo amemaliza uji wote. Kila mgonjwa wa wodi hii ameshaambiwa kwamba mwanawe yuko njiani.

Tangu siku ile hajakubali kuoga. Anakusubiri wewe.

Wifi na watoto wasalimie sana. Ng'ombe mwachie Yonas, upande gari la alfajiri.

Mdogo wako,
Fausta