Chupa Yenye Kizibo cha Gunzi

Mkiwa, 9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe na hayo magoti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, naishia kupiga kelele mpaka abiria ninaowauzia mayai wanageuka kunitazama.

Mama, upepo umeanza. Mjukuu wako Radhia ngozi imemkauka, viwiko vimekuwa kama magome. Anajikuna mpaka analia. Nitumie yale mafuta ya alizeti uliyokuwa ukitusinga nayo tulipokuwa wadogo.

Mwanao,
Mama Radhia

Sepuka, 16 Juni 2024

Mwanangu Stumai,

Marahaba. Magoti yapo, yananisema asubuhi tu. Mjukuu wangu mpe pole.

Mafuta hayo. Nimekamua mashineni, nikayaacha yatulie siku nne, nikachuja kwa kitambaa. Chupa nimeiziba kwa gunzi. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Usimkaushe kabisa, mfute tu, umsinge ngozi ikiwa bado na majimaji. Jaribu kwanza padogo mkononi. Palipochubuka usipake, mpeleke zahanati. Na usichanganye na kitu.

Mama yako

Mkiwa, 1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingi. Radhia ametoka vipele vyekundu kifua kizima, ni hayo mafuta yako. Hajalala, na mimi sijalala. Ile chupa uliitoa wapi? Si ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ile? Majirani wananiuliza nimemfanya nini mtoto. Kesho nampeleka zahanati. Usitume tena.

Stumai

Sepuka, 8 Julai 2024

Mwanangu,

Chupa ilikuwa ya asali, na niliiosha kwa maji ya moto. Lakini macho yangu siku hizi yananidanganya, labda nilikosea. Nisamehe. Yaliyobaki nimeyamwaga.

Niandikie neno moja tu: mtoto anaendeleaje?

Mama yako

Mkiwa, 25 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umengoja hilo neno moja wiki saba. Radhia ni mzima. Alipona Julai hiyo hiyo. Aibu ndiyo iliyonifunga mkono.

Nesi aliniuliza, "Umempaka nini?" Nikasema, mafuta ya bibi yake, nikampa chupa. Akazibua lile gunzi, akanusa. "Bibi yake huyu anakamua marashi?"

Mama, nilitia marashi. Mama Shukuru, jirani yangu hapa barabarani, alinitania mbele ya wenzangu, "Mwanao ananuka mashudu ya alizeti, tumletee kuku wamdonoe?" Wakacheka wote. Nikaenda dukani, nikamimina kichupa kizima humo ndani. Nesi akasema hayo marashi ndiyo yaliyomuunguza. Siku zile za mwanzo, kabla sijatia, viwiko vilikuwa vimeanza kulainika. Niliona kwa macho yangu.

Nilipokuandikia habari za dawa ya ng'ombe nilikuwa najua nilichotia. Nikakutaja wewe. Ukaniomba msamaha, na barua yako nikaisukumiza chini ya godoro. Naomba unisamehe, mama.

Upepo haujaisha, ngozi imeanza tena kumkauka. Mafuta sithubutu kukuomba.

Mwanao,
Mama Radhia

Sepuka, 5 Septemba 2024

Mwanangu Stumai,

Marahaba. Barua yako niliisoma, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena.

Nimekasirika, nisikufiche. Si kwa ajili ya marashi. Esta, jirani yangu hapa, alijifungua mwezi wa saba, akaniita nimsinge mtoto kama nilivyowasinga wakubwa zake. Nilikataa. Nilimwambia naumwa. Nikabaki naitazama mikono hii, nikijua imemdhuru mjukuu wangu. Hilo halitaniisha leo wala kesho.

Lakini jana nilikwenda kwa Esta, nikamwomba mtoto. Alinipa.

Alizeti niliyoweka ya mbegu nimekamua nusu. Chupa hii simpi mtu anipelekee, naja nayo mwenyewe Jumamosi na basi la asubuhi. Maji uyabandike mapema, yapoe yawe ya vuguvugu.

Nikishuka utakimbilia kunipokea mzigo. Uache. Kwanza nipe mtoto.

Bibi yake Radhia