Simu Kutoka Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Mvua. Nimepika maharage ya kambi nzima karibu peke yangu, kuni mbichi, moshi mtupu. Jenerali angeonja leo angenivika nyota palepale. Kobe, mzee mwenzangu wa kuosha vyombo, anasema yana mawe. Mawe! Ni meno yake yanayomeguka.

Jioni nikampigia mke wangu. Simu inashika hapa jikoni tu, kwenye ngazi karibu na pipa. Akaweka sauti kubwa ili watoto wa dada yangu nao wasikie. Nikawaambia leo nimezuia vifaru vitatu kwa bunduki iliyokwama. Mjomba, ikawaje? Nikaendelea. Vikawa vitano.

Mama watoto anasikiliza tu, kama kawaida yake. Mwishoni akauliza kama nimekula. Nikasema mstari wa mbele hakuna kula. Kobe nyuma yangu anasugua sufuria, akacheka mpaka mfuniko ukamponyoka.

Jumatano, 5 Juni

Kobe ananisema. Eti kaka wa mke wangu alirudishwa kutoka vitani ndani ya sanduku, na mimi bado namjazia vifaru kichwani mwanamke wa watu. Nikamjibu mimi mpishi, kutia chumvi ndiyo kazi yangu.

Nimelifikiria kidogo. Kidogo tu. Lakini wale watoto wakijua mjomba wao hajafyatua risasi hata moja tangu vita vianze, anamenya viazi — nitarudi na uso gani?

Halafu yeye mwenyewe halalamiki. Anasikiliza, anauliza nimekula, anasema haya, ulale salama. Wanawake wengine wangezimia. Wangu chuma. Nilimpata kwa kuwabwaga wachumba kumi na saba, na mmoja alikuwa na pikipiki.

Jumamosi, 8 Juni

Mbele kumeharibika. Wapishi wa kule wamepigwa kombora wakigawa chai. Wawili wamekufa. Mmoja nilimfundisha mimi kukanda unga.

Kamanda akataka mtu wa kufikisha chakula kwenye mahandaki. Akanitazama. Nikasema mbona mmechelewa kuniita. Watu wakacheka. Kobe hakucheka, akanifungia sabuni na soksi zake mpya kwenye kitambaa. Mikono yangu ilikuwa imelowa. Maji ya vyombo, nadhani.

Jumatatu, 10 Juni

Handakini. Huku hakupikwi kitu, moshi unaonekana. Makopo na biskuti kavu. Na marufuku kugonga chochote. Kijiko kikilia kwenye bakuli, watu wanakutolea macho kama umewaibia.

Natambaa na gunia mgongoni, shimo hadi shimo. Leo risasi zimepita juu yangu. Nikalala kifudifudi kwenye tope mpaka zikanyamaza, gunia limenikalia kisogoni. Hakuna biskuti iliyovunjika. Hilo litasimuliwa. Hayo mengine sijui.

Jumatano, 12 Juni

Fundi wa mawasiliano amepata mtandao kwenye dirisha la nyumba iliyobomoka, nyuma ya handaki. Kila mtu simu moja, fupi, sauti ya chini. Marufuku kusema tulipo. Sajini kasimama mlangoni, uso kama kufuli.

Zamu yangu ikafika. Nikasema niko jikoni, namenya viazi, shwari kabisa. Watoto wakauliza vifaru. Nikasema vimekwisha, huku hata vita hakuna. Nikaongeza na vitunguu. Wakaona mjomba kazeeka, wakaenda kucheza.

Mke wangu hakuuliza kama nimekula.

"Mbona leo sisikii sufuria?"

Nikasema zimeshaoshwa.

"Baba watoto, kila siku unaniambia uko mbele, na mimi nasikia sufuria, nalala. Leo unaniambia viazi, na nyuma yako kimya. Uko wapi?"

Kumbe! Vifaru vyangu vyote vile, na mwenzangu alikuwa anamsikiliza Kobe.

Nikatoa bakuli langu la bati na kijiko. Sajini akanikazia macho. Nikagonga mara moja, polepole.

Nikadhani laini imekatika.

"Gonga tena," akasema.

Sajini akaja mpaka dirishani. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akaninong'oneza kwamba bakuli halitoi mlio wa sufuria, hata mtoto hadanganyiki. Akavua kofia yake ya chuma, akaigeuza, akaniwekea mbele.

Nikagonga. Mlio wenyewe hasa! Sufuria ya maharage, ile kubwa. Nikaweka simu sikioni. Laini imekatika. Sijui kabla ya kugonga au baada.

Nimerudi mwisho wa foleni, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mbele yangu watu tisa. Sajini yuko mlangoni, kichwa wazi. Kofia yake ninayo mimi.