Kibati cha Gwakisa Kisitunguliwe

Maskati, Omani

Mama Atupele, mke wangu niliyekuoa kwa ng'ombe wachache na maneno mengi,

Kwanza nijulishe goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya huko, na kama yule jogoo mwenye kiburi bado anawika ovyo au umeshamla, halafu utaniambia alikufa kwa kideri. Mimi mzima, isipokuwa kifua. Daktari wa hapa kanisikiliza mgongoni na vile vipira vyake, akaniuliza nimevuta sigara miaka mingapi. Nikamwambia sigara sijavuta, daktari, nimevuta mlima. Binti yetu Atupele akatafsiri huku anacheka, daktari akaandika. Sijui kaandika nini.

Mazuri yameishia hapo. Sasa nigombe.

Ile sauti uliyonitumia kwenye simu niliifungua mezani, watu wote wapo, maana kuipunguza sijui. Kwa hiyo hata Bi Thuwaiba, mama wa mkwe wetu, mwenye asili ya Unguja, kasikia yote. Kasikia kwamba chama chetu cha wachimbaji wa makaa ya mawe kinafanya sherehe, na kwamba kampuni mpya inataka kuziba shimo la zamani kwa zege. Kasikia kwamba Lusajo mwenyekiti kakuomba uwe mgeni rasmi, uvae kitenge cha sare, ukitungue kibati cha kaka yako Gwakisa pale langoni, wakakiweke ofisini kwenye kabati la kioo. Halafu unaniuliza ufanyeje.

Bi Thuwaiba aliacha kumimina kahawa, akauliza kibati ndo kitu gani. Nikamweleza kwamba kila anayeshuka mgodini hutundika kibati chake cha namba ubaoni, na akipanda hukitungua mwenyewe, kwa mkono wake. Kikiwa kinaning'inia, mtu yumo chini, na shimo halifungwi hata aje waziri. Gwakisa alitundika chake, akashuka, paa likaporomoka.

"Kwa hivyo yumo mpaka leo?" akauliza.

"Yumo."

"Basi mie nnaona huyo mwenyekiti wenu ataka kumtoa mtu bila ya kumtoa."

Akaendelea kumimina. Mama wa watu, makaa anayoyajua ni ya kufukizia ubani, kaelewa kabla kahawa haijapoa. Lusajo kazaliwa ndani ya vumbi lile na haelewi. Au anaelewa, na hapo ndipo ninapotaka kumchapa bakora.

Juzi mkwe wetu alinipeleka kwenye gereji yake kule Ghala, mtaa wa magereji hapa Maskati, nikapunge upepo, kama vile Ghala kuna upepo. Nikamwona fundi mmoja, Mpakistani, kabla hajaingia chini ya lori kachomoa ufunguo, kautia mfukoni asije mtu akaliwasha, ndipo akalala chali. Nikamtania mkwe wetu amwombe ule ufunguo. Akasema, "Haombwi mtu aliye chini ya gari, hata kama gari ni langu." Nikakaa kwenye tairi nikatukana kwa Kinyakyusa mpaka kifua kikanikamata. Yaani Ghala, ambako hawajui hata makaa yetu yana rangi gani, sheria ile wanayo, na chama chetu wenyewe kinaiuza kwa sahani ya pilau.

Na hicho kijitabu cha sherehe walichokusomea, ukanitumia picha zake, eti chama kilizaliwa kwa mazungumzo mema baina ya uongozi na wafanyakazi! Mazungumzo gani? Chenye mazungumzo kilikuwa kile chama cha kwanza, ambacho katibu wake alikuwa anazungumza na meneja huku wakila kuku wa kukaanga, akirudi kwetu anajifuta midomo na kutuambia tuvumilie. Chama chetu sisi kilizaliwa kwa matusi. Mimi darasa langu la nne, lakini hilo nalijua, maana baadhi ya matusi yalikuwa yangu.

Unakumbuka, paa lilipoporomoka, meneja alivyosimama pale ubaoni na karani wake, akisema aliyemo ameshakufa, kibati kishushwe, feni la hewa lizimwe. Sisi wanaume wenye misuli tulikuwa tumeinamisha vichwa tunahesabu kokoto. Wewe ndiye uliyepita katikati yetu, mtoto mgongoni, ukasimama baina ya meneja na ubao.

"Kama katoka nionyeshe," ukamwambia. "Kama hajatoka, kiache."

Hapo ndipo tulipopata aibu, na aibu ikageuka chama. Tulizima mkanda wa kubebea makaa, tukalala langoni, lori halikutoka. Wakatuita wakorofi. Wakatupiga virungu, wakatutia ndani, na wewe ukatuletea ugali rumande ukilalamika kwamba mahabusu wanakula sana. Hatukuomba kitu kikubwa mwanzoni: kibati kitunguliwe na aliyekitundika, basi. Mengine yote, buti, taa, mganga wa zamu, yalikuja nyuma ya hilo. Kwenye kijitabu chao wewe humo. Kuna picha ya Lusajo na tai.

Kwa hiyo nenda. Vaa hicho kitenge. Kula pilau, na lingine ulifunge kwenye mfuko. Wakikupa kipaza sauti, mwambie Lusajo mbele ya mwekezaji wake kwamba kibati si chako wala si cha chama, ni cha Gwakisa, na anayekitaka ashuke akamwombe. Asijidai njia haijui, baba yake ndiye aliyeichimba kwa baruti. Halafu rudi ukae, waone kama kuna mkono utakaonyanyuka kukitungua.

Mkono ukinyanyuka, nijulishe siku hiyohiyo. Atupele anasema daktari amenikataza kupanda ndege. Kulala langoni hakunikataza.

Nisalimie wifi yako muuza vitumbua, na mdogo wangu fundi baiskeli, mwambie pampu yangu si urithi. Msalimie mchungaji, umfiche haya matusi. Mama yake Lusajo msalimie sana, yeye kosa lake ni kuzaa tu. Mwanawe usimsalimie.

Ni mimi mzee wako, mkohozi wa ughaibuni,

Baba Atupele