Mto wa Kwenye Keria

Baba watoto,

Huku tu wazima. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri, na cherehani imepona baada ya kubadilishiwa mkanda.

Picha ya baiskeli imefika. Hongera kwa kuifungia mota. Sasa utafika kiwandani bila kuloa jasho, na nauli ya basi utaisahau. Mama yako kaitazama akacheka: "Huyu mtoto hata kupiga pedali kashaona kazi."

Mimi nimeitazama keria ya nyuma. Fundi wa hapa mtaani anasema betri huwekwa kwenye keria, ndiko kwenye nafasi. Wewe ya kwako umeibana katikati ya fremu mpaka magoti yanaigusa, ili keria ibaki wazi. Na juu ya keria kuna mto wa kukalia.

Unasema umeununua dukani. Baba watoto, mimi nashona tangu kabla sijakujua. Mto wa dukani haushonwi pindo kwa mkono, tena kwa uzi uliochaguliwa ufanane na shati lako la bluu. Aliyeushona hakuwa na haraka. Sitaki kumjua.

Nimekununulia betri ya pili, ufike mbali zaidi. Mdogo wako atakuletea Jumamosi. Nimeishonea na mfuko wa turubai, vipimo nimevikadiria kwenye picha. Unajaa keria nzima, hausazi nafasi hata ya paka.

Huo mto mpe aniletee. Nahitaji pa kuchomeka pini.

Mkeo,
niliyekushonea hilo shati