Kwa Nini ya Tano

Pell Creek, Ohio, tarehe 9 Novemba 2019, mwaka wa thelathini na sita tangu niondoke Hamamatsu.

Mpendwa Bi Arlene,

Safu yako ya ushauri gazetini mke wangu alikuwa akinisomea kwa sauti kila Jumamosi nami nikicheka, na sikudhani siku moja ningekuwa mmoja wa hao tuliowacheka, lakini leo naomba unisikilize, maana mtu niliyezoea kumwuliza mambo ndiye huyo niliyemkosea.

Nilitumwa huku na kampuni yangu kuwafundisha Wamarekani kuunda magari kwa namna yetu ya Kijapani, miaka mitatu tu kisha nirudi, lakini mitatu ikazaa mingine, Sumiko wangu akapanda maua yake hapa na akazikwa hapa, nami nikastaafu nikabaki na nyumba yenye vyumba vingi kuliko sauti. Rafiki nilikuwa naye mmoja, nitamwita Verlin. Alifanya kazi katika kile kiwanda cha magari cha Wamarekani, ng'ambo ya mto, kilichofungwa, na kila Jumanne asubuhi tulikutana mkahawani kwa Darla, yeye na pikapu yake ya Kimarekani, mimi na kigari changu cha Kijapani.

"Kiyo, hicho kibati umekiegesha au umekidondosha?" ataniuliza.

"Wewe angalia chini ya lako. Linakojoa tena."

"Linaweka mipaka yake. Gari dume hilo, bwana!"

Ndivyo tulivyoishi. Kisha Jumanne moja mwezi wa Septemba akaniuliza bila utani, "Hebu niambie kweli, Kiyo, weka kando adabu zenu. Mlitushindaje? Fedha tulikuwa nazo, mashine tulikuwa nazo, watu tulikuwa nao."

Ningeweza kumjibu kwamba mafuta yalipanda bei wakati sisi tuna magari madogo, jambo ambalo nalo ni kweli, tukaendelea na mayai yetu. Lakini kiwandani kwetu tulizoeshwa kwamba kitu kikiharibika huridhiki na jibu la kwanza, unauliza kwa nini mara tano, kila jibu likizaa swali, na kumwuliza mtu hivyo kwetu ni heshima, basi nikamwuliza kwa nini kiwanda chao kilifungwa.

"Watu waliacha kununua."

"Kwa nini waliacha?"

"Milango ilivuja. Mvua ikinyesha unaogea humo humo." Darla akacheka pale kaunta.

"Kwa nini ilivuja?"

"Mpira wa mlango ulikaa upande. Wote tuliuona."

"Mliuona, basi kwa nini gari lilipita?"

"Kwa sababu kwetu mstari wa kuunganishia magari hausimami, Kiyo. Bovu linapita, litatengenezwa uani baadaye. Na uani kulijaa mpaka kwenye uzio."

Hapo nilifurahi kama kijana, maana kwetu juu ya kila mfanyakazi kuna kamba, anayeona kosa anaivuta, mstari unasimama, na msimamizi anakuja mbio kumwambia asante, na mimi siku zote nimeamini kwamba tofauti kati yetu na wao ilikuwa kamba hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nikauliza ya tano: kwa nini hakuna aliyeusimamisha?

Verlin aliangalia kikombe chake. "Alikuwapo mmoja, Ray. Aliusimamisha. Nyapara wake akamfukuza kwenda nyumbani wiki mbili bila mshahara, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu tena." Akavaa kofia yake. "Nyapara alikuwa mimi."

Akatoka, na tangu hapo hajakanyaga pale tena. Darla kwa mazoea huleta vikombe viwili, kisha anakumbuka na kuondoa kimoja. Aliniambia, "Wewe mzee, breki huna?"

Sasa mpwa wangu Tetsuya ananipigia simu kila wiki. "Mjomba, rudi. Chumba kipo, kaburi la babu lipo. Huko unamkalia nani?" Zamani nilimjibu kwamba Jumanne nina miadi. Siku hizi miadi hiyo sina, naye anataka jibu kabla ya mwaka mpya. Je, nimwombe Verlin radhi, ilhali yaliyosemwa ni kweli? Au nimwache apumzike bila mimi, nirudi mahali ambapo anayenikumbuka ni mpwa mmoja na mawe ya makaburini?

Wako,
Mwalimu Mstaafu

*

Mwalimu,

Pole. Nyumba yenye vyumba vingi kuliko sauti naijua, mimi pia ninayo. Sasa kaa kitako, maana huruma imeishia hapo.

Majina ya kuficha ya nini? Mji mzima unajua nani hula mayai na nani kwa Darla siku ya Jumanne. Baba yangu alifanya kazi kiwanda kilichofungwa, na kaka yangu alijifunza kazi kwako. Kaka anasema uliwafundisha kwamba jibu la tano likimwangukia mtu, bado hujafika mwisho, endelea. Mbona wewe ulikoma? Kwa nini nyapara alimfukuza Ray? Kwa sababu juu yake alikuwapo bwana aliyehesabu magari yaliyotoka, hakuhesabu yaliyotoka mazima, na nyapara aliyechelewesha mstari alifukuzwa yeye. Baba alituambia hayo kila jioni. Wewe ulikoma palipokupendeza, rafiki yako akabeba kiwanda kizima mgongoni akatoka nacho.

Na angeweza kusema "nyapara fulani" akaendelea kunywa kahawa. Alikwambia ni yeye. Jambo kama hilo mtu hamwambii adui yake, nawe ulikaa tu!

Usimwombe radhi kwa ukweli. Mwombe radhi kwa kumwacha atoke peke yake. Na kama unataka kurudi Japani, rudi kwa kuwapenda walioko huko. Usimfanye mpwa wako mlango wa kukimbilia.

Jumanne usiende kwa Darla. Nenda gereji ya nyumbani kwake asubuhi. Usipige simu, atakwambia yuko salama. Usipeleke zawadi iliyofungwa kwa karatasi. Uliwafundisha vijana wetu kwamba kuvuta kamba si aibu, ni kusema: hapa peke yangu siwezi. Wewe umewahi kuivuta lini? Ivute. Kisha muulize swali la sita, lile la Ray, na ufunge mdomo. Asipokufungulia, nenda Jumanne inayofuata.

Arlene

*

Bi Arlene,

Nilikwenda. Verlin alikuwa chini ya pikapu, nikaona miguu tu. Sikujua pa kuanzia, nikaiambia ile miguu, "Verlin, nyumba ile imenishinda. Siwezi kukaa mle peke yangu."

Mkono mweusi wa oili ukatokeza. "Nipe spana."

Nikampa.

"Hiyo ya milimita ya nini? Gari la Kimarekani hili, spana zake za inchi, Mjapani wee! Na usinisimamie kama mkaguzi. Vuta ndoo ukae."

Nikakaa. Nikamwomba radhi, nikauliza swali la sita, naye akajibu kutoka chini ya gari mpaka mchana. Aliyoyasema ni yake, sitayaandika.

Jioni nilimpigia Tetsuya. Nimemwambia kaburi la babu yake alitunze yeye, la Sumiko nitalitunza mimi, na Jumanne nina miadi.

Sitarudi.