Vitambaa Viwili Tulivyokuzika Navyo

Rafiki yangu Odera,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya lile jiwe ulilokalia ukingoja ndege, mwisho wa uwanja, upande wa ziwa. Nyasi zimefika magotini. Tangu ututoke imetua ndege moja tu hapa kisiwani, nayo haikuruka tena. Nina jambo la kukiri, na wewe wanijua, siwezi kusema jambo bila kuanzia mwanzo wake.

Unakumbuka vitambaa vyetu viwili vyeupe vya amerikani. Mvua ikizidi, au ng'ombe wakiuvuruga uwanja, ulivitandaza katikati, kimoja kikikata kingine. Rubani akiviona kutoka juu alijua kwamba leo hapana, arudi Kisumu. Hatuna simu wala redio ya kumwita, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sauti yetu. Mimi nilivitunza katika kabati la shule. Uliponikabidhi ulinitania, "Mwalimu, hivi si vya kufutia ubao."

Siku uliyofariki ziwa lilichafuka. Mtumbwi uliotumwa Homa Bay kuleta sanda ulikwama Mbita siku mbili. Mke wako aliniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, atalala kwenye mbao tupu?" Nilikwenda shuleni nikafungua kabati. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka ulale umefunikwa, basi.

Baada ya mazishi tulifanya tero buru kama desturi, ng'ombe wakakimbizwa kwa filimbi na mikuki kuifukuza mauti mpaka ziwani. Na wapi pengine hapa pana nafasi ya kukimbia? Ng'ombe walewale uliowafukuza miaka yote waliupita uwanja wako mara tatu, katika matope. Hata mzee mmoja Msabato, aliyeanza kwa kututazama kwa jicho la pembeni, nilimwona anakimbia nyuma, kofia mkononi. Ungecheka, omera, ndugu yangu.

Kesho yake ndege ikaja. Binti yako Adhiambo alikuwa ndani. Telegramu waliyopiga wale wa mtumbwi kutoka Mbita ilimfikia Kisumu imechelewa, rubani akamhurumia akampa nafasi. Niliusikia mngurumo nikiwa darasani, nikakimbilia kabatini. Rafu ilikuwa tupu. Ndipo nikakumbuka vitambaa viko wapi.

Gurudumu lilizama kwenye ardhi iliyochimbwa na kwato, ndege ikapinduka, rafadha ya mbele ikapinda. Hakufa mtu, tushukuru. Rubani alivunjika mkono, na Adhiambo alipasuka kipaji cha uso. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alikagua uwanja?"

Aliyeukagua kila alfajiri tulikuwa tumemzika jana yake.

Serikali ikaufunga uwanja. Daktari aliyekuja kwa ndege haji tena. Wagonjwa wanasubiri ziwa litulie, wavuke kwa mtumbwi hadi Mbita, kisha barabara ndefu ya Homa Bay. Barua zinafika zimelowa. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya sokoni. "Odera ameshika gurudumu toka kaburini." "Amemkataa binti yake, mbona hakuwahi mazishi?" Na Adhiambo akayasikia. Alikaa nyumbani kwa mama yake, bandeji kichwani, chakula hataki, kaburini kwako hataki kukanyaga.

Nami, ninayemweleza kila mtu kila kitu, hata asiyeniuliza, nikanyamaza wiki mbili. Ilikuwa aibu, Odera. Nisamehe.

Jumapili nilikwenda. Nilimweleza yote kwa utaratibu: ziwa, sanda, kabati, kwato. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hakukukataa. Ile alama ya kumzuia rubani nilikuwa nimemfunika nayo. Kosa ni langu, si lake."

Alikizungusha kikombe cha uji mpaka uji ukapoa mikononi mwake. Nilingoja matusi. Akauliza, "Vilimtosha?"

Nikasema vilimtosha, mpaka miguuni.

Hapo akalia, kilio ambacho hakuwa amelia tangu afike. Kisha akasimama, akafunga leso yake vizuri, akaniambia, "Nionyeshe alipo." Nadhani ulitusikia tukija. Mimi nilibaki kwenye ua. Yale mliyoongea ni yenu.

Sokoni nako nilikwenda, nikasimama kati ya samaki na viazi, nikasema tena yote. Mama mmoja muuza omena alicheka, "Kumbe mwizi wa vitambaa ni Mwalimu!" Na acheke. Jina lako limesafishika.

Adhiambo amerudi kazini kwa boti. Akiwa Mbita alinunua amerikani, akaipinda na kuishona kwa mkono, akanitumia. Ofisa wa serikali amesema uwanja utafunguliwa akipatikana mtu wa kuukagua. Nimempa jina langu. Kwa hiyo nakuahidi, kila alfajiri nitaupita mwanzo hadi mwisho na fimbo yako, hata magoti yakigoma. Vitambaa vipya viko kabatini, na nimewaambia wote kwamba hivi havitamfunika marehemu yeyote. Mimi nikifa, blanketi langu linatosha.

Asubuhi hii nimefukia mashimo mpaka hapa kwenye jiwe. Kesho naanza upande wa pili. Wewe lala, omera, na vyako baki navyo.

Rafiki yako,
Mwalimu