Walikuja, Mwalimu, na Pesa Yao Nikairudisha

Mwalimu,

Walikuja. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hukuwa na subira na barua inayozunguka sana kabla ya kufika. Wanafunzi wako wa zamani walikuja, wakakaa ndani ya karakana yako pale chuoni, wakasema yaliyokuwa moyoni mwao mpaka chai ikapoa. Sasa nikueleze pole pole, maana kuna sehemu hutaipenda.

Tangu tukulaze kaburini kule nyumbani kwako Kilungu, mimi ndiye niliyepewa ofisi yako na idara nzima ya uhandisi. Hukuwahi kuniuliza kama naitaka. Kumbe ulikuwa umeshawaambia wakubwa kwamba likitokea lolote, Mwikali aitwe. Kiti chako bado kinalia kila ninapogeuka. Wanafunzi wananicheka, mhandisi mzima na kiti kinalia, nami nawajibu kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Sijakitia mafuta na sina haraka.

Mkeo, Mama Mumbua, hajambo. Maparachichi yalizaa sana msimu huu, akanijazia gunia nilipopita kumwona, na akanigombeza eti nimekonda. Redio yako anaiwasha saa ya habari hata kama haisikilizi. Nilikaa naye jikoni tukaiacha iongee peke yake.

Idara yako ilikuwa karibu kufungwa. Sitakuficha. Wanafunzi wapya walipungua, na wazazi wa hapa Tulia walianza kusema waziwazi, hata mbele yangu nikinunua nyanya, kwamba vijana wanatoka kwetu na cheti kisha wanakaa nyumbani. Bodi ya chuo ikaniita. Wakasema mtaala wetu umepitwa na wakati, uandikwe mwingine kabla hatujapokea wanafunzi tena, la sivyo idara ifungwe. Na mtaala huo mwingine walikuwa nao tayari, umeandikwa na mtaalamu mmoja kutoka Nairobi. Niliusoma wote. Haukuwa mbaya. Ila ungeweza kuupeleka kwenye chuo chochote duniani bila kubadilisha neno, na hapo ndipo uliponikera.

Nikawaambia wanipe nafasi niwaulize waliosoma hapa. Wao ndio wanaojua tuliwafunza nini na tuliwanyima nini. Mwenyekiti akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto. "Hao wako huwa hawakuji, madam. Mwalimu aliwaita mpaka akachoka." Lakini akanipa nafasi, kwa sharti moja: wakikosa kufika, au wakifika wasiwe na la kusema, mtaala wa Nairobi unapita siku hiyo hiyo.

Na alichosema kilikuwa kweli. Kila mwaka uliwaandikia, ukapanga viti, ukaagiza chai na mandazi. Ujumbe wako haukubadilika: njoni mniambie nilikosea wapi. Nao wakisoma kwamba chuo kinawaita, walikuwa wanasikia harambee tu. Wakatuma pesa. Tukabaki sisi wachache na viti vitupu, tukanywa chai ya watu wengi, na ile pesa ukanunulia rangi. Sidhani kuna jengo lingine Kitui lililopakwa rangi mara nyingi kama karakana yetu. Mwaka ule wa mwisho uliketi karibu na mlango na kikombe mkononi, ukaniambia, "Mwikali, hawa watoto wananionea huruma. Mimi sitaki huruma, nataka wabishane na mimi." Nilikuongezea chai.

Basi na mimi nikaandika kwenye kundi letu la simu la wahitimu. Nikaeleza habari ya bodi, habari ya mtaala, siku na mahali. Nikaweka kwa herufi kubwa kwamba hakuna mchango. Kabla sijaiweka simu chini, pesa zikaanza kuingia! Moja ilikuja na maneno, "Mungu abariki kazi ya mikono yenu." Nyingine, "Niko job, lakini niko na nyinyi kwa maombi." Nikaketi kwenye kiti chako kinacholia, nimekasirika kweli kweli. Halafu nikafanya jambo ambalo hata wewe hukuwahi kulifikiria. Nilizirudisha. Pesa ya kila mmoja, mpaka ya mwisho, na kila mmoja nikamwandikia: asante, ila tunakutaka wewe mwenyewe.

Mwalimu, kumrudishia Mkamba mchango wake! Simu haikunipa nafasi hata ya kumeza mate. Wa kwanza alikuwa Musyoka, yule mrefu uliyekuwa ukimwita Mlingoti, ambaye sasa ana gereji ya malori Mtito Andei. "Madam, kwani pesa yangu iko na nini?" Nikamwambia haina kitu. "Sasa mbona unanirudishia kama mimi ni mwizi?" Nikamwacha amalize hasira zake zote. Kisha nikamwuliza, tulikufunza kitu gani hapa ambacho hujawahi kukitumia? Nilisikia injini ya lori ikinguruma nyuma yake. Mwishowe akasema, "Hiyo si ya simu." Nikamwambia ndiyo maana namwita.

Habari ikaenea kwamba idara ya uhandisi inakataa pesa. Wengine wakadhani chuo kimeuzwa. Wengine wakadhani nimejiunga na kanisa jipya. Kila mmoja alitaka kuja kujionea.

Siku yenyewe viti havikutosha. Watu wazima wenye suti walikaa juu ya meza za kazi, jambo ambalo ungewafokea. Mchungaji akafungua kwa maombi, akaombea mpaka mashine. Mwenyekiti wa bodi alikaa nyuma pamoja na yule mtaalamu wa Nairobi, na mimi nikasimama mbele nikauliza swali langu: tuwafunze nini hawa wanaokuja, na tuache kuwafunza nini?

Wakaanza kukusifu.

Alisimama mmoja, akasimama wa pili. Ulikuwa baba yao, ulikuwa taa yao, bila wewe wasingekuwa walipo. Wengine walilia, na si uongo, waliyasema kwa moyo. Lakini swali langu halikuguswa. Unatujua sisi, marehemu hasemwi vibaya, tena mjane wake ameketi pale. Mwenyekiti akaanza kutazama saa. Nikaiona siku yote inaniponyoka, tumekuwa tena wale wale wa chai na rangi.

Ndipo Mama Mumbua akasimama. Mimi nilikuwa nimemwalika aje apewe heshima na kikombe cha chai, sikuwa nimempanga kuongea. Akajifunga leso vizuri, akasema, "Kumsifu tulimsifu kwa mazishi, na mkakula. Huyu mzee alienda akingoja mumwambie makosa yake. Kama mnamheshimu, si mumwambie? Haya, mimi nitaanza. Akiwa na kazi mkononi, hakuwa anaskiza mtu."

Karakana nzima ikapasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu ni kweli, Mwalimu, hukuwa unasikia. Na baada ya kicheko hicho hakuna aliyeogopa tena.

Musyoka ndiye aliyetangulia, na alienda moja kwa moja kwenye habari ya kile kipande cha chuma. Nadhani ulijua itakuwa hivyo. Muhula wote wa kwanza, kila mwanafunzi na kipande chake kimebanwa kwenye vaisi, anakisugua kwa tupa mpaka pande zote ziwe sawa, mpaka ukikiinua dirishani pamoja na skwea ya kupimia pembe mwanga usipenye. Ukiuona mwanga ulikuwa unasema neno moja tu, "Rudi," na mtu anarudi. "Mwalimu alinipenda na mimi nilimpenda," Musyoka akasema. "Lakini term nzima tulisugua chuma. Lori za siku hizi zikikwama pale Mtito, unaanza na kompyuta. Hiyo nililipa mtu Mombasa anifunze. Mbona sikufunzwa hapa?"

Nilitaka kukujibia. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikakumbuka nilichowaitia, nikaufunga.

Kisha akasimama Kanini, yule msichana mdogo wa mwili aliyekuwa akikaa mbele, siku hizi anafunga pampu za sola kwenye visima huko Makueni. Akasema pampu anafunga vizuri na hana wasiwasi nazo. "Lakini kamati ya maji ikikosana, maji hayatoki, na mimi ndio naitwa fundi mbaya. Hakuna mtu alinifunza kukaa chini na kamati." Nikatazama nyuma, nikamwona yule mtaalamu wa Nairobi anaandika haraka haraka. Baadaye alimfuata Kanini na maswali, tena maswali ya maana. Nilikuwa nimemdharau bure.

Mutua wa madaraja, anayefanya kazi kaunti, alikutetea. Akasema akiona kazi imepindapinda mkono unamwasha, na hilo hakulipata kwa kitabu, alilipata kwa kile chuma. Musyoka akamwambia mkono wa kuwasha haufungui kompyuta ya lori. Wakaanza. Walibishana mpaka wengine wakasimama juu ya viti. Kuna aliyesema mafundi hawahitaji kuchora kwa mkono tena, akazomewa, kuna aliyesema walimu wenyewe turudi gereji tukajifunze, nikaandika hilo ingawa lilinichoma. Chai ililetwa, na hakuna aliyeigeukia. Nikakitazama kile kiti cha karibu na mlango. Ningetoa chochote ungekuwa umekikalia.

Hawakukubaliana kwa yote, lakini waliyokubaliana yalitosha. Wanafunzi wataendelea kusugua chuma kwa wiki chache tu. Sehemu ya muhula iliyobaki watafunzwa kompyuta za magari na pampu za sola, na kabla ya kumaliza masomo, kila mmoja atakaa kwa muda na mhitimu wetu kazini kwake, na atahudhuria mikutano ya kamati ya maji mpaka aelewe watu wanagombania nini. Bodi imepitisha. Mwenyekiti mwenyewe alinipa mkono akaniambia, "Leo wamekuja, madam." Muhula ujao tunapokea wanafunzi wapya, na darasa limejaa.

Basi sehemu usiyoipenda umeshaisikia. Watu uliowangoja miaka yote walikuja, na walichosema ni kwamba somo lako kubwa lipunguzwe. Aliyelipunguza kwa kalamu ni mimi. Niliumia, Mwalimu. Niliingia stoo ya vyuma nikalia nimeegemea yale mabati, kisha nikanawa uso nikarudi kuandika, kwa sababu walikuwa na haki. Ungekuwepo ungegonga meza. Ungesema ninaharibu watoto, nami ningekujibu, ungenifukuza ofisini, na kesho yake ungenikuta mlangoni ukiwa umekubali nusu. Watu wa kunikumbuka kwa maombi ninao wengi. Wa kubishana na mimi namna ile sina, na hiyo ndiyo njaa niliyo nayo tangu uondoke.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Kuna walioahidi kuja kufunza na sasa simu zao hazishikwi. Mwalimu mmoja wa idara hanisalimii vizuri. Lakini nawafuata, sichoki, na sioni haya kumpigia mtu simu akiwa kanisani. Uliniambia zamani kwamba mimi ni mkaidi, na ukasema kama unanisifu.

Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi Mtito Andei. Musyoka aliwazungusha gereji yote, akawaonyesha namna ya kuchomeka kompyuta kwenye lori na kusoma inachosema, na aliongea nao vizuri kuliko ninavyoongea mimi. Upepo wa pale ni mkali, na mlango wa ofisi yake umezuiwa na kitu cheusi kilicholowa grisi. Nikainama. Kilikuwa kipande chake cha muhula wa kwanza, Mwalimu. Nikakiokota, nikakifuta kwa kitambaa, nikakiinua kwenye mwanga, kama ulivyokuwa ukifanya. Pande zote bado ziko sawa. Musyoka aliniona kutoka chini ya lori akapaza sauti mbele ya wanafunzi wote, "Hiyo usiguse, madam. Hiyo iko na mwenyewe." Nikakirudisha pale pale mlangoni.

Basi pumzika, Mwalimu wangu. Ulingoja sana, na wamekuja, na wamebishana na wewe kama ulivyotaka. Mtaala huu nilioandika nao utazeeka, najua, na kuna somo ninalolipenda leo ambalo kuna mtu atalichoka. Nakuahidi kwamba nitawaita mapema, nikiwa bado na masikio. Nitawaita waliopita mikononi mwangu waketi popote wanapotaka, hata juu ya meza, waniambie nilikosea wapi.

Na wakituma pesa, nitarudisha.

Mwanafunzi wako,
Mwikali